Pima ya Kumi na Nne

Ulikuwa mwaka tulioanza kula mgongo wazi. Minofu ya mbuta, samaki wetu wa ziwani, ilipanda ndege, sisi tukabaki na kichwa, mkia na mifupa, tukafyonza mpaka macho. Mwaka huo mjukuu wangu aliandikwa kazi Homa Bay, kwa tajiri mmoja Mwislamu mwenye kompyuta. Mimi shule niliachia darasa la pili. Yeye aliiamuru mashine, nayo ikatii!

Tajiri alitaka vyeti vya watoto wa madrasa, majina kwa herufi za Kiarabu. Mashine ikaandika jina moja refu, kisha ikamwaga takataka mpaka ukingoni mwa karatasi.

"Binti," tajiri akasema, "kesho ikirudia, kazi nampa mwandishi wa mkono. Wewe urudi kwa nyanya yako."

Na nyanya mwenyewe nilikuwa pale mlangoni, nimeleta kamba zangu za katani. Nikamuuliza mjukuu, mashine inajuaje jina limeisha?

"Haijui, dani," akaniita nyanya kwa lugha yetu. "Inahesabu herufi moja moja mpaka iguse sifuri ya mwisho. Jina likijaza nafasi yote, sifuri inakosa pa kukaa. Basi inaendelea tu, inaingia kwa vitu vya wengine."

Kitu kinachoandika Kiarabu, kumbe kipofu kama mimi siku ile Ogwedhi! Sokoni kule nilipima kamba kwa mikono, mnunuzi ananihimiza, "Pima tu mpaka iishe." Mwisho haukuwa na fundo langu la kuonyesha imeisha, mtu alikuwa ameunga na ya kwake. Nikavuta, nikahesabu. Pima ya kumi na nne ikaja na fahali aliyefungwa huko mwisho! Kamba zangu ni za pima kumi. Siku hizi nikifika kumi sijaona fundo, mikono inasimama. Anayenihimiza namwambia: "Sipimi kamba bila kuambiwa niishie wapi."

Mjukuu alicheka mpaka machozi, halafu vidole vikaanza kukimbia. Akaiagiza mashine ihesabu mpaka sifuri, lakini isipite herufi thelathini. Na ni herufi thelathini kweli, akasema, si vitanda thelathini vya kuzilaza ndani ya mashine, maana hizi herufi pana kila moja inalalia vitanda viwili. Ikifika hapo haijaona sifuri, isimame imwambie.

Kesho yake ilifika kwa lile jina refu, ikasimama. Kipofu akasimama ukingoni! Mjukuu akaongeza nafasi, jina likatoka lote, safi. Nilikishika cheti kile kama mtoto mchanga.

Tajiri akafurahi, akaokota kamba yangu afungie maboksi. "Nyanya, binti huyu habanduki hapa. Nipimie hii, pima tu mpaka iishe."

"Sipimi kamba bila kuambiwa niishie wapi."