Tangi la Chini ya Kabati

Kwenye kliniki ile ya meno, samaki ndio pekee waliofungua mdomo bila kulazimishwa. Wagonjwa walikaa kwenye ukumbi wa kusubiri, shavu kiganjani, wakiwatazama kwa kitu kilichokaribia wivu. Hakuna aliyejua, wala aliyekuwa na sababu ya kujua, kwamba chini ya tangi lile, ndani ya kabati la milango miwili, mlikuwa na tangi la pili. Maji yalishuka humo kwa bomba, yakapita kwenye sponji na changarawe, yakaacha uchafu wake, kisha pampu ikayarudisha juu yakiwa safi. Tangi la juu lilipata sifa. La chini lilipata kazi.

Aliyelijua ni mtu mmoja, aliyeajiriwa kutengeneza taa, mabomba na vitasa, na ambaye wadada wa mapokezi walimwita Baba Samaki. Alilikubali jina hilo kama alivyokubali mambo mengi, kwa kuchoka kulikataa.

Tangi la chini lilikuwa la kioo, na lilivuja. Lilivuja kwa hila. Ufa ulikuwa kwenye maungio ya pembe ya nyuma, juu kidogo ya usawa wa maji wa siku zote, kwa hiyo umeme ukiwepo pembe ilikuwa kavu na aliyesema linavuja alionekana mzushi. Umeme ukikatika, pampu ilisimama, maji ya juu yakashuka, tangi likajaa mpaka kwenye ufa, na sakafu ikaanza kulowa. Wenzake mtaani taa zikizimika walitafuta tochi. Yeye alitafuta viatu. Alikwenda kliniki Jumapili, alikwenda sikukuu, alikwenda na homa, akapiga magoti na mataulo yake mbele ya kabati kama mtu wa dini ngumu.

Hatimaye daktari mwenye kliniki, mama asiyependa maneno mengi kwa kuwa watu aliozoea kuzungumza nao hawakuweza kujibu, alimwambia atengenezeshe tangi jipya.

"La kioo au la akriliki?" aliuliza.

"Mimi nataka sakafu kavu," alisema daktari. "Hayo mengine chagua mwenyewe."

Hapo ndipo Baba Samaki aliponaswa.

Kwa upande wa hoja hapakuwa na ugumu. Kioo hakichubuki na hakipindi, lakini ni kizito, na ukikitoboa unatoboa huku umeshika roho mkononi. Akriliki, ile plastiki angavu wanayotengenezea mabango ya maduka, ni nyepesi na inatoboka bila kinyongo. Inachubuka haraka, ni kweli, ila mchubuko wa ndani ya kabati haumuudhi mtu. Juu ya hayo yote, seremala alikuwa amelijenga kabati kabla tangi halijawekwa, akasimamisha nguzo katikati ya milango, akaondoka ameridhika. Tangi la zamani lisingetoka ila vipande vipande, na jipya la ukubwa ule lisingeingia kabisa. Fundi mmoja wa mabango alikuwa na jibu: masanduku mawili madogo ya akriliki, moja kila upande wa nguzo, yameunganishwa kwa bomba. Kioo nacho kilikuwa na jibu lake: mtu aingie kabatini, alale kwa ubavu, na kuliunganisha humo humo kipande kwa kipande kwa gundi ya silikoni.

Mtu aliyefanya hivyo mara ya kwanza alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mke wake, fundi vioo.

Tangu alipoanguka kwenye ngazi, shemeji hakuwa amepata kazi. Alishinda kibarazani kwake akikosoa madirisha ya majirani. Mke wa Baba Samaki hakuwa mtu wa kulazimisha. Alikuwa mtu wa kukumbusha. Alikumbusha akipakua chakula na akikunja nguo, na usiku mmoja alikumbusha akiwa amempa mgongo.

"Ukienda kwa huyo wa mabango," alisema, "utakuwa umemwambia kaka yangu kwamba amekwisha."

"Sijasema naenda."

"Hujasema huendi."

Baba Samaki akakaa na jambo hilo wiki nzima. Akichagua kioo, angepata tangi lililofungwa na mkono aliouona ukitetemeka juu ya kikombe cha chai, na angeendelea kutafuta viatu gizani mpaka astaafu. Akichagua akriliki, yeye ndiye angempelekea shemeji habari. Jumamosi mchana, kliniki ikiwa imefungwa, alimwita shemeji aje kupima. Kupima hakukuwa uamuzi. Kulikuwa njia ya kuuahirisha kwa futi mkononi.

Shemeji alikuja na mfuko wa vifaa, shati limepigwa pasi. Alilitazama kabati, akamtazama mwenzake.

"Shemeji, hili kabati limepungua."

"Kabati ni lile lile. Kilichobadilika ni tumbo."

"La kwako umelificha wapi?"

Akapiga magoti, akajikunja, akaingiza kichwa, kisha mabega, akijipitisha kando ya nguzo kwa pumzi fupi fupi. Miguu ilibaki nje. Baba Samaki alikaa sakafuni karibu nayo akingoja vipimo. Havikuja. Ilisikika pampu, na mtu akipumua.

"Shemeji," sauti ilitoka kabatini.

"Naam."

"Mwite huyo wa mabango."

Soksi moja ya shemeji ilikuwa imetoboka kisigino, Baba Samaki akaitazama hiyo.

"Nimejaribu kushika futi," iliendelea sauti. "Futi tu, sijafika kwenye silikoni. Mkono unacheza."

"Ungepumzika kidogo, tukajaribu tena."

"Nimepumzika tangu nilipoanguka. Kupumzika sasa nakujua vizuri."

"Na dada yako?"

"Wewe ndiye unayeishi naye," lilisema kabati.

"Wewe ndiye uliyezaliwa naye."

"Nitoe humu kwanza."

Akamvuta kwa miguu, taratibu, kama anavyovutwa mgonjwa. Wakakaa wote wawili sakafuni, migongo kwenye milango ya kabati. Simu ya Baba Samaki ikaita. Aliliangalia jina, akaendelea kuliangalia. Shemeji akaichukua mkononi mwake.

"Dada," alisema. "Kazi siifanyi. Siwezi. Hapana, hajasema neno. Angesema ningeifanya, nikawaharibia." Akasikiliza. "Hapana, sijaumia. Nimekaa tu." Akasikiliza tena, muda mrefu zaidi, kisha akaipitisha simu.

"Amekataa mwenyewe," aliuliza mke, "au umemngoja mpaka akachoka?"

Lilikuwa swali la haki. Baba Samaki alilitafutia jibu ambalo lingekuwa la kweli na bado lingemwachia chakula cha jioni.

"Vyote viwili," alisema.

Upande wa pili wa simu bomba la jikoni lilikuwa linatiririka, likafungwa.

"Usimwache arudi kwake peke yake," alisema. "Mlete hapa."

Simu ikakatika. Shemeji alikuwa ameupeleka mkono chini ya paja lake, mahali usipoonekana.

"Mwambie huyo wa mabango aweke ukanda mpana juu, ukingoni," alisema. "Plastiki ikijaa maji inatoa tumbo. Asipouweka, usije ukasema sikusema."

"Nitamwambia."

"Mwambie ni mimi niliyesema."

"Nitamwambia ni wewe."

Walibaki hapo. Kuondoka kulihitaji mmoja wao aanze kusimama.