Lenzi ya Chumba cha Baba

Chumba cha baba kule Nkololo kina hatua nne kutoka mlangoni hadi kitandani, na hatua tatu upana. Najua kwa sababu nilikipima kwa miguu yangu, nikirudi nyuma na kamera usoni mpaka kisogo kikagonga mlango, nikasogea mbele, nikarudi tena, kana kwamba safari ya pili ukuta ungenionea huruma. Kila mara nilipochungulia nilimwona baba kitandani, mama ameketi pembeni yake, na nusu ya kaka yangu mkubwa. Ndugu zangu wengine sita walikuwa mle mle, nawasikia wakikohoa na kunong'onezana, lakini kwa kamera yangu hawakuwapo.

Na mimi ndiye mpiga picha wa familia. Nina kibanda mjini Bariadi, napiga picha za paspoti, za kipaimara na za harusi. Kamera yangu niliinunua ikiwa imeshatumika, na lenzi moja tu, ya milimita hamsini. Ni lenzi nzuri ya uso, bibi harusi anatoka amependeza hata kama amelia asubuhi nzima. Lakini inaona kidogo. Harusi zetu ni za uwanjani, nikitaka ukoo wote uingie narudi nyuma, narudi, hata nikiingia kwenye shamba la pamba la jirani hakuna wa kuniuliza. Miaka yote sikuwahi kujua kwamba kazi yangu ilitegemea nafasi ya kurudi nyuma.

Baba alikuwa amepooza upande wa kulia tangu mwanzo wa masika. Siku tulipokutana wote wanane, kila mmoja ameomba ruhusa ya wiki moja kazini kwake, alisema anataka kitu kimoja tu. Picha. Yeye, mama na watoto wake wote, kwa mpangilio wa kuzaliwa, bega kwa bega, asiwepo aliyejificha nyuma ya mwenzake. Maisha yake yote alikuwa anasimama mlangoni mwa zizi jioni, ng'ombe wanaingia, na bila kuhesabu anajua yupi hajarudi. Nadhani alitaka kutuangalia hivyo tukishaondoka.

"Baba," kaka mkubwa alimwambia, "tukubebe na kitanda chako hapo nje kivulini. Dakika tano tu, tunakurudisha."

Baba alisema kwa ule upande wa mdomo uliobaki mzima, polepole, na kila neno tulilisikia.

"Mtu anayetolewa nyumbani kwake kwa kubebwa amekufa. Mimi bado."

Mama aliinama akaanza kukunja kanga yake. Hakuna aliyeligusa tena jambo lile la kutoka nje. Nikajaribu ujanja wangu mimi. Nikamweleza kwamba naweza kupiga vipande vipande, halafu nikaviunga kwenye kompyuta vikawa picha moja, hata mshono hauonekani.

"Unikatekate halafu unishone?" akauliza.

Basi. Hiyo ilikuwa Jumatatu, na Jumapili asubuhi ndugu zangu walikuwa wanaondoka. Simu zetu zote zilikuwa za kawaida, na mle ndani, penye dirisha moja dogo, zilitoa giza lenye macho. Ilibaki kutafuta lenzi pana, nami nilikuwa na siku tano na pesa isiyotosha.

Jumanne nilikwenda Mwanza. Kwenye duka la kamera lenzi niliyoihitaji niliiona mara moja, ya milimita kumi, imetengenezwa kwa kamera kama yangu, imekaa ndani ya kabati la kioo. Nilipotajiwa bei niliibadilisha kichwani nikapata ng'ombe wawili wazuri, nikaacha kuitazama. Muuzaji akanitolea nyingine kutoka kwenye boksi chini ya meza. Ilikuwa kuukuu, ya enzi za filamu, milimita ishirini na nane.

"Dada, hii ni waidi kabisa," akasema. "Ukoo mzima unaingia."

Hapa ndipo ninapojikasirikia mpaka leo. Baba alinifundisha kuchagua ng'ombe mnadani nikiwa bado mdogo. Angalia meno, angalia kwato, na usimnunue ng'ombe aliyesimama, mtembeze kwanza. Na mimi, mtoto wa baba yangu, nikafanya hivyo hivyo. Nikaimulika lenzi kwa tochi ya simu kutafuta kuvu kwenye kioo, haikuwa nayo. Nikazungusha pete zake, zikazunguka vizuri. Halafu nikaitembeza. Nikatoka nayo nje ya duka, nikaifunga kwenye kamera, nikaona barabara, pikipiki zilizopangwa, mama muuza ndizi na ghorofa lililo nyuma yake. Vyote vimeingia. Nikalipa nikiwa na furaha.

Nilijaribu lenzi ya chumbani katikati ya barabara. Nje, lenzi yoyote ni pana. Tena nilikuwa najua, nilishasoma mahali, kwamba namba zile ziliandikwa kwa kamera za filamu, na kwamba kwenye kamera za bei yetu sehemu ya ndani inayopokea picha ni ndogo, inakata pembeni, kwa hiyo lenzi pana ya zamani inabaki lenzi ya kawaida tu. Nilijua. Ila bei ilikuwa nzuri, na bei ikiwa nzuri mtu husahau anachokijua.

Jumatano nilisimama mlangoni kwa baba nikachungulia. Nikapata kitanda chote na watoto watatu. Kaka mkubwa akauliza, "Vipi, tumeingia?" nami nikajibu ngoja kwanza, ngoja, huku machozi yananitoka nyuma ya kamera ambako hakuna aliyeyaona. Baba alikuwa amevalishwa koti lake la kanisani juu ya shuka. Alikaa vile, kichwa kimenyooka, kwa muda wote niliosema ngoja. Mwishowe mama alimvua koti bila mtu kumwambia.

Alhamisi nilikwenda Maswa kwa mwenzangu mmoja, mpiga picha wa harusi aliyenitangulia sana katika kazi. Yeye alikuwa nayo ya milimita kumi, ya plastiki, imechubuka, kioo kizima. Nikamwomba aniazime kwa siku moja.

"Mdogo wangu, niliyemwazima mwaka juzi hajarudi," akasema. "Tubadilishane. Nipe hiyo ya Mwanza na flashi yako."

Flashi ndiyo ilikuwa inanilisha. Pamba ikishauzwa harusi zinafuatana, na sherehe zinaingia usiku. Tena kwa chumba cha giza kama kile, kuchukua lenzi na kuacha taa ni kama kununua jembe na kuuza mpini. Nilisimama pale kibandani kwake nikitafuta njia nyingine, na sikuipata. Nikaifungua flashi nikampa. Safari hii sikwenda barabarani. Nilimwomba aniruhusu niingie stoo yake, nikafunga mlango, nikachungulia, nikaona pembe zote nne na vidole vya miguu yangu.

Jumamosi mchana tuling'oa pazia, tukafungua mlango wazi. Kitanda kilikuwa kwenye ukuta wa mwisho, mama ameketi juu yake miguuni pa baba. Kwa kuwa baba hakutaka mtu asimame nyuma ya mwingine, tulijipanga kwenye kuta, wanne huku, wanne kule, wakubwa karibu na kitanda, wadogo kuelekea mlangoni. Mimi ni kitindamimba, nafasi yangu ilikuwa mlangoni kabisa, hatua moja kutoka kwenye kamera. Nikaiweka kwenye stendi yake ya miguu mitatu. Nikawaambia kwamba mwanga ni mdogo, kamera itachelewa kufumba, kwa hiyo asitikisike mtu hata kidogo. Nikaitega ijipige yenyewe baada ya sekunde kumi, nikabonyeza, nikajibanza ukutani pangu.

Tulipiga mara saba. Nilipoiangalia ya mwisho kwenye kioo cha nyuma ya kamera nilipiga kelele. Wote! Ndugu zangu walinirukia, dada akanibeba, kaka mkubwa akasema leo nimeonyesha ufundi. Tukamwonyesha baba, lakini kioo kile ni kidogo kama kiberiti na macho yake si yale tena. Akasema ataiona ikichapwa. Usiku huo tulikula wote kwa baba, sinia juu ya mkeka kando ya kitanda chake.

Jumapili waliondoka. Picha niliichapisha mjini, kubwa, ya kutundika, na Jumatatu asubuhi nikampelekea.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu," akaitika. Mayu ni mama, na ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mtoto.

Nikamshikia picha mbele ya uso, mwanga wa mlangoni ukiiangukia. Alitupitia mmoja mmoja kuanzia pembeni, midomo ikicheza. Mimi nilikuwa nimeshaona kasoro zake tangu ilipochapwa mjini na nilikuwa naomba asizione. Lenzi pana hukuza cha karibu na kukipunguza cha mbali. Mimi, mdogo kuliko wote, nilikuwa mkubwa kuliko wote, kichwa kimevutika kama boga. Kila ndugu aliyefuata alikuwa mdogo zaidi ya mwenzake, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kutulia kabisa, nyuso zetu zilikuwa na ukungu kidogo. Mwisho kabisa, katikati, mtu pekee ambaye hakutikisika, alikuwa baba. Kila mkunjo wa koti lake ulionekana, na mtu mwenyewe alikuwa mdogo, ningeweza kumfunika kwa ukucha wa kidole gumba.

Alifika pale macho yake yakasimama.

"Mayu, huyu ni mimi?"

"Ndiyo, baba."

"Mbona mmenipeleka mbali?"

Nilianza kumweleza. Nikasema ni lenzi, baba, ndivyo zilivyo, zinavuta chumba. Nikamwonyesha kwa mikono. Alinisikiliza kwa heshima, kama alivyokuwa akimsikiliza daktari, na nilijua hakuna nilichokieleza. Hatua nne. Alilala hatua nne kutoka kwetu, na mimi nilihangaika wiki nzima nikazifanya kuwa uwanja.

Sikuwa na la kufanya, nikafanya ninachokijua. Nikatoa ile lenzi yangu ya zamani, ya hamsini, nikaifunga. Mama akamvalisha koti. Nikasogea mpaka karibu na kitanda, nikampiga yeye peke yake, uso mzima, mwanga wa mlangoni shavuni. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na uso ulijaza kile kioo kidogo kiasi kwamba nilipomwekea karibu na macho aliuona bila shida.

Aliutazama muda mrefu. Akatabasamu kwa ule upande mmoja.

"Eeh. Sasa niko karibu," akasema. Kisha akainua macho, akatazama kuta, upande huu, na upande ule. "Wenzio wako wapi?"