Ikisiri ya Maksai Malual

Apajok alikuwa mpokea wageni katika hoteli ya mahema kando ya Nile, na mwaka 2009 ndipo alipogundua kwamba wimbo wa baba yake umefungiwa ndani ya jarida la wasomi.

Marehemu Marial alimtungia maksai wake mwekundu, Malual, wimbo mrefu. Kwa Wadinka wimbo wa namna hiyo ni mali ya mtunzi na ukoo wake. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kule Kenya, mtafiti mmoja aliurekodi, akashukuru, akaenda zake. Baadaye mzee akafariki, na waitikiaji wake wakaisha mmoja mmoja. Apajok, aliyekuwa shule ya bweni Nakuru, alibaki na ubeti mmoja tu kichwani. Sasa mdogo wake Alier alikuwa anaoa, na wakwe walitaka kusikia ng'ombe wa nyumba hiyo akiimbwa.

Isaiah, mhasibu Mkenya wa hoteli, akautafuta mtandaoni. Makala ilisema beti zote zimo ndani. Juu ya makala palikuwa na ikisiri, ile aya ya muhtasari; chini yake, kufuli la kufunguliwa na vyuo vilivyojiunga tu.

"Dada, wanauliza uko chuo gani."

"Waambie mimi ni binti ya mwenye ng'ombe."

"Hakuna mahali pa kuandika hiyo."

Wakaandika Chuo cha Kakuma, Kitivo cha Foleni ya Mahindi. Jibu likaja kwa adabu zote: chuo chenu hakijajiunga nasi. Apajok alicheka mpaka mgeni aliyengoja taulo akakata tamaa. Kisha akalia, maana sauti ya baba yake ilikuwa inamtoka mwaka hadi mwaka.

Siku ya harusi, mtaani Jebel, baba yake mdogo Mading aliuliza, "Kilicho wazi ni kipi?"

"Ikisiri tu, baba."

"Imetoka kwa Malual?"

"Ndiyo."

"Basi ni yetu. Lete."

Apajok akaitafsiri kwa Kidinka, wakaitia katika sauti ya ule ubeti mmoja. Wanaume wakainua mikono kama pembe, wakaimba kwamba makala hii inachunguza sitiari za rangi, na wote wakaitikia: utafiti zaidi unahitajika! Wakwe walikiri hawajapata kusikia maksai aliyesifiwa kwa kina namna hiyo. Palipoandikwa "mtoa habari mmoja", Apajok alikuwa ameweka Marial, na jina hilo likarudiwa mpaka vumbi likapanda.

Kijana mmoja mwenye kinasa sauti akamsogelea. "Mama, naomba kurekodi. Ni kwa ajili ya utafiti."

"Uko chuo gani?"

Akamtajia.

"Hakijajiunga nasi," Apajok akasema, akamshika mkono. "Zima hicho, uingie uitikie. Ukitoka hapa utakuwa na wimbo wote."