Ratili Kumi na Nne za Shaba

Kwa miaka thelathini Kuang Yi alikuwa msuguaji wa sarafu mjini Chengdu. Wengine walisubu, yeye alizipokea sarafu zikiwa bado na makali ya kalibu, akazitunga kwenye kijiti cha pembe nne kilichojaa barabara katika matundu ya mraba yaliyo katikati yake ili zisizunguke, kisha akazisugua zote pamoja juu ya jiwe lenye maji. Ukizipitishia kidole baada ya hapo, hukuti hata mkwaruzo.

Vita vikaja. Mji uliposalimu amri, askari wa bwana mpya waliikomba hazina, na bwana mwenyewe akajikuta ana jeshi lisilo na mshahara. Ikatoka amri: isubiwe sarafu mpya, moja ihesabiwe mia. Shaba ikakusanywa majumbani, hata kulabu za mapazia.

"Mia kwa jina, tatu kwa mizani," alicheka Bibi Su, mke wa Kuang Yi, akiipimapima sarafu mpya kiganjani. "Muuza mchele akiniuliza nyingine ziko wapi, nimwambieje?"

"Mwambie zimekwenda vitani."

Karakana ikapewa msimamizi mpya, afisa Deng Pu, aliyejua farasi kuliko shaba. Desturi ya pale ilikuwa kwamba kila msuguaji, kabla ya kuondoka, hunawa mikono na miguu katika karai moja. Maji hayo, pamoja na ya mawe, huachwa mtungini mpaka unga wa shaba utuame, ukusanywe na kuyeyushwa tena. Deng Pu aliona uchafu tu.

"Mwageni! Hapa karakana, si zizi la nguruwe."

"Afande, hayo maji…" Kuang Yi alianza.

"Nimekuuliza, mzee?"

Yakamwagwa mtaroni, siku hiyo na zilizofuata.

Baada ya miezi miwili karani wa hazina akaja kupima. Zilipungua ratili kumi na nne, na mwizi wa shaba ya jeshi adhabu yake ilikuwa kukatwa kichwa. Deng Pu akamnyooshea kidole Kuang Yi, msuguaji mkuu.

"Umeificha wapi?"

"Sijaificha, Afande. Mtaro ndio umeinywa."

Karani akampa siku tatu aithibitishe kauli yake. Kuang Yi akateremka mtaroni na uzee wake, tope hadi magotini. Akachota, akachuja, akakausha, akayeyusha. Bibi Su alimletea uji na kejeli: "Miaka yote nakutoa shaba kwenye kucha, leo umeamua kuiogelea kabisa!"

Siku ya tatu mizani ikasema ratili kumi na tatu na nusu.

"Na nusu nyingine?" karani akauliza. "Nani aliyeamuru maji yamwagwe?"

Deng Pu alikuwa amebadilika rangi. Kuang Yi akajifuta uso.

"Ni uzembe wa karakana, bwana karani, sote tumo. Na hiyo nusu imeliwa na moto. Moto nao una njaa siku hizi."

Karani akacheka bila kutaka, akaandika, akaondoka.

"Kwa nini hukunitaja?" Deng Pu aliuliza walipobaki wawili.

"Wangeleta mwingine, Afande," alisema Kuang Yi akilitafuta jiwe lake. "Nianze kumfundisha upya? Mimi nimechoka."