Mayai ya Mama Masanja

Enzi zetu yai halikuwa chakula cha mtoto. Lilikuwa la mgeni, au la kuuzwa mnadani, na ukilikodolea macho uliambiwa, "Mtoto mla mayai huwa mwizi." Vijana wa leo wanakula chipsi mayai saa nne asubuhi na hakuna anayewaita wezi!

Kijijini kwetu, upande wa Kahama, sheria hiyo ilivunjwa mwaka ambao mdogo wangu Kabula aliugua surua. Alibaki mifupa na macho. Muuguzi wa zahanati akamwambia mama, "Mpe yai kila siku." Na kuku wetu wote walikuwa wamekufa kwa kideri.

Jioni ile jirani yetu Mama Masanja, mjane, alituletea mayai manne ndani ya bakuli la pumba. Mama alishukuru, akaingia nayo jikoni kuyapima kwenye sufuria ya maji. Yai jipya hulala chini, lililokaa husimama, bovu huelea. Moja likalala. Matatu yakaibuka.

"Mayu, yanaelea!" nikamwambia mama kwa sauti kubwa.

Mama alinifinya sikio, lakini neno lilikwisha kutoka. Uani, Mama Masanja aliinamisha kichwa.

"Nilikuwa nayaweka nikingoja mnada. Nisamehe, Mama Minza."

Minza ndiye mimi, na siku ile nilitamani jina hilo liwe la mtu mwingine.

"Nikusamehe nini?" mama akamwambia, akimwonyesha lile moja. "Leo Kabula anakula."

Asubuhi yake Mama Masanja alirudi, kwapani amembana kuku wake wa pekee.

"Huyu atage hapa hapa. Mtoto akipona, mtanirudishia."

Kuku alipolia kwa kutaga, mimi ndiye niliyekimbia. Yai lingali na joto, nilimwekea Kabula kiganjani alishike kwanza, ndipo mama alichemshe. Mvua zilipoanza, tulimrudisha kuku kwa mwenyewe. Kabula ndiye aliyembeba, akitembea kwa miguu yake, akikataa kusaidiwa.

Sasa naishi Kahama mjini. Mayai nanunua kwa trei, na jirani yangu ana geti la chuma. Tunasalimiana kwa honi. Mwezi uliopita niliambiwa mwanawe amepona. Sikuwa nimejua hata kwamba anaumwa.