Sauti ya Baba Kwenye Diski

Baba alikuwa mfuga nyuki kijijini Ipole, mkoani Tabora. Miaka miwili ya mwisho ya uhai wake nilikuwa nikienda kwake na simu, namrekodi akinisimulia kwa Kinyamwezi habari za babu yake, aliyebeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Unyanyembe hadi pwani, na kuniimbia wimbo waliouimba wapagazi njiani. Alikohoa sana, na mara nyingine alisahau alipoishia, akaanza upya. Rekodi zote niliziweka kwenye diski ya nje, na kwenye simu nikazifuta ili nipate nafasi.

Tulipomzika, mdogo wangu wa kike alikuja kutoka ughaibuni na kompyuta yake ya Mac. Alikuwa amepiga video msiba mzima, akataka kuniachia. Diski yangu ilifunguka kwake, lakini ikakataa kupokea kitu.

Tukaenda kwa fundi wa kompyuta mjini Tabora.

"Hii imefomatiwa kwa ajili ya Windows," akasema. "Nikiifomati kwa mfumo wa exFAT, itakubali kotekote. Ila kila kitu kitafutika. Dada, umeshahamisha vilivyomo?"

"Vipo kwenye laptopu yangu," nikajibu.

Niliamini hivyo. Kwenye kioo cha laptopu palikuwa na folda iliyoandikwa Baba, na kila mara nilimsikilizia hapo.

Kazi ilichukua dakika chache. Mdogo wangu akamimina video zake hadi diski ikajaa, na baada ya siku mbili akasafiri.

Wiki iliyofuata niliibonyeza ile folda. Kompyuta ikatafuta, ikasema haioni kitu. Kumbe ilikuwa njia ya mkato tu, ya kunipeleka kwenye diski. Siku zote nilipoifungua, diski ilikuwa imechomekwa.

Niliirudisha diski kwa fundi, akahangaika nayo siku tatu.

"Ungeileta kabla hamjaweka hizi video, labda," akasema bila kunitazama. "Sasa zimeandikwa juu ya zile rekodi."

Mama nilimwambia Jumapili, tulipotoka kanisani. Aliniuliza kama hata ule wimbo wa wapagazi haupo. Nikasema haupo. Akaniomba niuimbe ninavyoukumbuka. Niliimba mistari miwili, akanisahihisha neno moja, akaendelea yeye kidogo, kisha naye akakwama. Tulisimama pale uani pa kanisa, watu wakitupita na kutusalimia.