Unga Mweupe kwenye Paja la Dinosaria

"Shangazi, umewahi kuvunja mfupa wa huyu mnyama?"

Nilikuwa na miaka minane. Tulisimama chini ya dinosaria wa makumbusho, yule aliye kwenye stempu na kwenye majalada ya madaftari yetu, shingo yake ikivuka ukumbi mzima. Shangazi ndiye fundi wake. Wenzake wanamwita Gundi, maana kucha zake hazijawahi kuikosa.

"Kula ndizi yako," akaniambia.

Mwezi uliopita, likizoni, ndipo nilipojua kwa nini nilinyamazishwa. Hadi leo sijatulia.

Alikuja mtafiti mgeni, dada mmoja mcheshi mwenye kekee ndogo. Alitaka kutoboa mfupa wa paja, kwa sababu ndani yake mna pete kama za mti, na pete hizo husaidia kukadiria mnyama alikufa na umri gani. Shangazi alishika tochi. Mimi nilishika kisahani cha kukingia vumbi. Mkurugenzi wa makumbusho alisimama kando akitazama.

Tulitegemea vumbi la kahawia. Lililoanguka kisahanini lilikuwa jeupe pe, kama chaki.

Kekee ikazimwa. "Lakini... hii ni plasta," mtafiti akasema.

Plasta yenyewe si aibu. Ni nadra dinosaria kufukuliwa mzima, na mapengo lazima yazibwe. Ila mafundi wa pale wana sharti moja: mfupa wa plasta hupakwa rangi hafifu kidogo, asidanganyike mtu. Paja hili lilifanana na mifupa halisi kabisa. Na mle ndani, mkono unaoweza kupaka hivyo ni mmoja tu.

Mkurugenzi akamgeukia shangazi. "Gundi, si itakuwa yule mzee aliyekutangulia? Marehemu alikuwa na mambo yake."

Nikaomba kimoyomoyo aitikie tu, yaishe.

Shangazi akavua glavu. "Mwacheni marehemu apumzike. Ni mimi."

Akatupeleka stoo, akavuta droo ya chini kabisa. Mle mlikuwa na paja halisi, nusu limeungwa, nusu vipande.

Zamani dinosaria huyu alisimamishwa akiburuta mkia kama mamba. Kisha wasomi wakagundua kwamba nyayo za jamii yake hazina alama ya mkia ulioburutwa, ikabidi afumuliwe, asimamishwe upya, mkia juu. Siku hiyo mnyororo uliolibeba paja ulifungwa na shangazi. Ukateleza.

"Vipande mia mbili na kumi na viwili," akasema. "Niliogopa. Nikajiambia nitauunga kabla hawajajua. Kila siku, kazi ikiisha, naunga."

"Miaka kumi na tisa!" mkurugenzi akang'aka. "Watu wanapiga picha na plasta!"

Mtafiti alikuwa ameshapiga magoti, lenzi jichoni. "Pete zinaonekana hapa penye mpasuko," akanong'ona. "Hata sihitaji kutoboa."

Mkurugenzi akanyoosha mkono. "Funguo."

Shangazi akampa zote. Mkurugenzi akachomoa ule wa ukumbi na ule wa karakana, akamrudishia mmoja. "Huu wa stoo kaa nao mpaka umalize. Ukumbini usikanyage tena."

Walipotoka nilimkodolea macho kama mtu nisiyemjua. Huyu huyu aliyeninunia wiki nzima kwa sababu nilificha kikombe nilichovunja!

Akafungua kopo la gundi, hakunitazama.

"Uliniuliza ukiwa mdogo," akasema. "Mmoja. Haya, nishikie hiki."